Vita havifuti deni

Leo tuzungumze juu ya deni. Vita vinapoingia katika inchi, mikopo ya mabanki ya kimataifa inageuka namna gani, na nani analipa?

Mtu akikopa, banki inaomba dhamana: nyumba ao shamba. Dhamana ya inchi ni utulivu: migodi inafanya kazi, barabara zinapitika, kodi inafika katika sanduku la serikali. Vita vikivunja hayo, mkopeshaji anafunga mkono.

Tuangalie historia yetu. Katika miaka ya 1970 Zaire ilikopa sana ikitegemea shaba, hata kwa kujenga laini ya umeme kutoka Inga mpaka Shaba. Bei ya shaba ikaanguka, na mwaka 1976 wakopeshaji wakaketi Paris kupanga upya malipo. Mwaka 1978 vita vikafika Kolwezi, mji wa migodi yenyewe. Mwaka 1982 Erwin Blumenthal, aliyekuwa ametumwa na Mfuko wa Feza wa Kimataifa, FMI, katika Banki ya Zaire, alionya kwamba wakopeshaji hawatarudishiwa feza zao. Hata hivyo waliendelea kukopesha. Basi kosa halikuwa la upande mmoja.

Mwezi wa tisa 1991, na tena mwezi wa kwanza 1993, askari walipora maduka na viwanda. Mwisho wa 1993 Banki ya Dunia ilisimamisha mikopo yake, na mwaka 1994 FMI ikaiondolea Zaire haki ya kupiga kura. Kisha vikaja vita vya 1996 na vya 1998.

Mwaka 1997 utawala ulibadilika, hata jina la inchi likabadilika. Wengi walifikiri deni la Zaire limezikwa na Zaire. Sivyo. Sheria ya mataifa inasema: serikali inapita, inchi inabaki, na deni linabaki nayo. Wakati watu walikuwa wakikimbia porini, riba ilikuwa ikiongezeka kila mwaka.

Wakopeshaji walirudi wakati mapatano yalipoanza kushika. Mwaka 2002 Ubelgiji, Ufaransa, Afrika ya Kusini na Sweden zilitukopesha feza za kulipa malimbikizo ya FMI. Ndiyo kusema, tulikopa ili turuhusiwe kukopa. Mwezi wa saba 2010 tulipunguziwa deni la dola zaidi ya bilioni 12.

Tuone hasara: miaka mingi bila feza za kutengeneza madaraja, na mtoto aliyezaliwa kambini alikuta deni ambalo hakulila.

Ninyi wakubwa, mtu akija kuomba vijana waende kupigana, mkumbushe hesabu hiyo. Na katiba ya 2006, kifungu cha 214, inasema mapatano na mataifa ya nje yanayogusa feza za inchi yahitaji sheria iliyopigwa na Bunge. Kwa hiyo mna haki ya kumuuliza mbunge wenu: tumekopa ngapi, kwa kazi gani, na kazi hiyo iko wapi?