Himila: Neno Kati ya Zizi na Wodi

Nyuma ya nyumba tunayoishi hapa Majengo, Moshi, jirani yangu anafuga ng'ombe wawili wa maziwa. Mmoja amekwishazaa mara tatu, mwingine bado ni mtamba. Asubuhi moja yule mkubwa aligoma kula, akawa analia na kumpanda mwenzake. Mama mwenye ng'ombe akachukua simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, bwana mifugo. Huyu wangu anahitaji dume tangu alfajiri."

"Basi nakuja jioni. Akionyesha asubuhi, tunahimilisha jioni."

Jioni alifika na pikipiki, nyuma amefunga mtungi. Alipoufungua, mvuke mweupe ulimwagika hadi miguuni pake. Ndani mna naitrojeni ya kimiminika, baridi yake nyuzi 196 chini ya sifuri. Akachomoa mrija mwembamba wa mbegu za dume, akautumbukiza katika maji ya uvuguvugu kwa muda wa nusu dakika hivi, akaufuta ukakauka. Mkono mmoja ukaingia kuishika shingo ya kizazi kwa ndani, wa pili ukasukuma chombo polepole. Kazi ikaisha kabla chai haijapoa. Kuanzia hapo mama akawa anahesabu siku 21: zikipita bila ng'ombe kuhitaji tena, kuna matumaini.

Mimi nilibaki na neno moja: tunahimilisha.

Majirani wengi husema ng'ombe "amepigwa sindano". Sindano haikuwapo, tena jina hilo huchanganya kazi hii na chanjo na dawa. Kuhimilisha ni neno lenye ukoo. Mzizi wake umetoka katika Kiarabu, na maana yake ni kubeba. Kiswahili kiliupokea, nao ukazaa. Hamali ndiye mbeba mizigo wa sokoni. Kuhimili na kustahimili ni kubeba uzito bila kuanguka. Mhimili ni nguzo inayobeba jengo, ndiyo maana Bunge, Serikali na Mahakama tunaziita mihimili ya dola. Himila ni mzigo, na ni mimba pia. Basi kuhimilisha ni kumfanya abebe. Neno halishughuliki na mtungi wala mrija. Linamtazama yule atakayeubeba mzigo kwa miezi tisa na siku zake. Ng'ombe haelemewi na nunduye, walisema wahenga, na neno hili linalijua hilo.

Lipo neno jingine linalotumika ovyo: kupandikiza. Siku hizi kila njia ya kitaalamu ya kupata mtoto huitwa "upandikizaji mimba". Shuka kutoka Majengo hadi mashamba ya mpunga ya Mabogini ujionee maana yake. Mbegu husiwa kitaluni, huota, kisha miche hung'olewa na kuchomekwa majarubani. Anayemwaga mbegu moja kwa moja shambani hajapandikiza kitu. Vivyo hivyo, yai likirutubishwa maabara, likakua siku chache, kisha likawekwa kizazini, hapo limepandikizwa kwelikweli. Lakini mbegu ya kiume ikifikishwa kizazini ili ikutane na yai humohumo mwilini, huko ni kuhimilisha, kwa ng'ombe na kwa binadamu. Na kile kinachopandikizwa kina jina zuri ajabu: kiinitete, yaani kiini ambacho kingali tete, kama punje za mahindi kabla hazijakomaa. Mwalimu akilifafanua neno hilo tu, nusu ya somo ameshalimaliza.

Njia zote mbili zilieleweka kwanza kwa wanyama. Mwaka 1890 Walter Heape, huko Uingereza, alihamisha viinitete vya sungura mmoja hadi mwilini mwa mwingine, vikazaliwa hai. Robert Edwards alianza na panya, na kwa utafiti wake, tarehe 25 Julai 1978 akazaliwa Louise Brown, mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya mwili. Mwaka 2010 Edwards akapewa Tuzo ya Nobel. Aliyefika karibu nasi zaidi ni Roger Short, aliyezaliwa 1930 na kufariki 2021. Alisomea udaktari wa mifugo, miaka ya 1960 akachunguza uzazi wa tembo wa Uganda, ambao himila yao huchukua miezi 22 hivi, na baadaye akawafundisha wanafunzi wa udaktari wa binadamu huko Australia.

Safari yake ndiyo safari ya elimu hii nzima, na hata hapa Moshi tunaiona. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, na leo wanafunzi wa udaktari wanasomea papo hapo. Mengi wanayojifunza kuhusu homoni za uzazi yaligunduliwa kwa ng'ombe, kondoo, sungura na panya. Wanayasoma kwa Kiingereza, na kesho yake wanakaa mbele ya mama wa Majengo anayewasikiliza kwa Kiswahili.

Hapo lugha yetu huweka mpaka kati ya mnyama na binadamu. Mimba hutajwa kwa wote, lakini mjamzito ni binadamu peke yake: mja aliyebeba uzito. Ng'ombe huzaa, mama huzaa pia, lakini ni yeye tu anayejifungua, kana kwamba alikuwa amefungwa fundo naye akalifungua mwenyewe. Sayansi imetuonyesha jinsi miili inavyofanana. Kiswahili kinatukumbusha kwamba kufanana kwa miili hakufuti utu.

Neno linalovuka mpaka huo vibaya ni tasa. Zizini ni hukumu ya biashara: ng'ombe tasa huuzwa buchani. Wodini neno hilohilo huchoma. Tena hupotosha, maana humwelekea mwanamke peke yake, ilhali vipimo huweza kuonyesha kwamba tatizo liko kwa mume, kwa mke au kwa wote wawili. Kiswahili kinalo neno lenye haki zaidi, ugumba, kwa sababu mgumba aweza kuwa mwanamume au mwanamke.

Siku ya 21 ilipita kimya bandani. Mwezi wa tatu bwana mifugo alirudi, akapima, akasema ng'ombe ana himila, na mama akamshukuru Mungu kwa sauti.

Nanyi mnaofundisha, mnaotibu na mnaoandika habari, nawaomba: kuhimilisha kuitwe kuhimilisha, na kupandikiza kubaki kupandikiza. Na mama anayesubiri majibu ya vipimo asiitwe tasa.