Antonov 28: nyuki mdogo aliyegeuka lori la Shabunda

Wakaaji wa Shabunda, katika jimbo la Kivu Kusini, hawahitaji kuelezwa Antonov ni nini. Barabara ya kutoka Burhale ilipoharibika, kisha vita vya 1998 vikaifunga, chumvi, sabuni na dawa vilifika kwa ndege, na magunia ya kasiterite yakarudi nayo Bukavu. Miongoni mwa ndege hizo ilikuwemo Antonov 28, ile fupi yenye mabawa juu ya kichwa cha abiria na mikia miwili iliyosimama. Hadithi yake ilianza mbali sana na msitu wa Kivu.

Ilianza Kyiv, Ukraine, wakati nchi hiyo ikiwa bado ndani ya Muungano wa Kisovieti. Ofisi ya mhandisi Oleg Antonov ilitaka ndege ndogo ya kutua kwenye majani au udongo, mahali pasipo na lami. Tarehe 14 Machi 1958 ikaruka Antonov 14, iliyopewa jina Pchelka, yaani nyuki mdogo. Jeshi liliitumia kubeba maafisa na mizigo midogo. Lakini injini zake mbili za pistoni, kila moja nguvu za farasi 300, hazikutosha kwa safari za watu wengi.

Mwaka 1969 ikajaribiwa nyingine kubwa zaidi, yenye injini za turbini, ambayo baadaye iliitwa Antonov 28. Ile ya kwanza ilikunja magurudumu yake hewani. Zilizofuata ziliyaacha nje daima. Wengine wangesema huko ni kurudi nyuma. Kwa kiwanja cha matope, ambako fundi hana karakana, ilikuwa akili nzuri. Ilibeba abiria 17, na nyuma, chini ya mkia, ina milango ya kupakia mizigo.

Ufundi wake mkubwa uko kwenye mabawa. Injini moja ikizima, bawa la upande huo huanza kushuka, na ndege inaweza kupinduka karibu na ardhi. Katika Antonov 28, kibamba hujiinua chenyewe juu ya bawa la pili na kupunguza nguvu yake ya kuinua. Ndani ya sekunde 5 bawa hushuka digrii 12 tu, badala ya 30. Rubani hupata nafasi ya kupumua.

Kazi ya kuiunda ilipewa kiwanda cha Mielec, Poland, na ndege ya kwanza ya huko iliruka mwaka 1984. Mteja mkubwa alitarajiwa kuwa Wasovieti. Muungano wao ulipovunjika 1991, Wapoland hawakufunga kiwanda: waliweka injini kutoka Kanada, wakaiita M28, na jeshi lao likaichukua kwa jina Bryza. Baadaye jeshi la anga la Marekani, lililokuwa upande wa pili wa vita baridi, nalo lilizinunua kwa vikosi vyake maalum.

Zile za zamani zilitafuta kazi kwingine, na baadhi zilifika Kongo. Huku abiria wamekaa juu ya magunia, na mzigo haupimwi kila mara. Kibamba cha bawa kilitengenezwa kwa ajili ya injini inayozima. Ndege iliyopakiwa kupita kiasi, ikiingia ukungu wa milima kati ya Bukavu na Shabunda, hakiisaidii.