Manifoldi ya ekzosi

Manifoldi ya ekzosi ni sehemu ya injini inayokusanya gesi zilizoungua kutoka kwenye silinda na kuzipeleka kwenye bomba la moshi. Kwa kawaida hutengenezwa kwa chuma cha kusubu au chuma cha pua. Injini ikifanya kazi nzito kwa muda mrefu, manifoldi inaweza kupata joto hadi kung'aa kwa rangi nyekundu.

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita nchini Tanzania, jambo hili linahusu magari ya barabarani, mitambo ya migodini na injini za makarasha ambayo wachimbaji wadogo husagia mawe ya dhahabu.

Chanzo cha joto

Mafuta yanapoungua ndani ya silinda, halijoto hupita 2,000 °C kwa muda mfupi sana. Gesi hutanuka, husukuma pistoni na kupoa, lakini vali ya kutolea moshi hufunguka kabla joto lote halijatumika. Kwa makadirio, theluthi moja ya nishati ya mafuta hutoka pamoja na moshi. Injini ya petroli ikitumia nguvu zote hutoa gesi zenye takriban 800 hadi 950 °C. Ya dizeli yenye mzigo mzito mara nyingi hutoa gesi za 500 hadi 700 °C.

Silinda hupozwa na maji ya rejeta, lakini manifoldi nyingi hupoteza joto kwa hewa na mionzi tu. Kwa hiyo chuma huzidi kupata moto mpaka joto linaloingia lilingane na linalotoka. Gari linalokwenda husaidiwa na upepo. Injini ya karasha, iliyofungwa mahali pamoja, haipati nafuu hiyo.

Rangi na halijoto

Mwaka 1847 mwanasayansi John William Draper alionyesha kwamba karibu vitu vyote vigumu huanza kutoa mwanga unaoonekana vikifika takriban 525 °C. Kwanza rangi huwa nyekundu iliyofifia, hung'aa zaidi karibu na 800 °C, kisha huelekea rangi ya machungwa kuanzia 900 °C. Mchana mwanga hafifu hauonekani, hivyo chuma kinachong'aa usiku kinaweza kuonekana cheusi juani.

Sababu za joto kuzidi

Manifoldi ya injini nzima inaweza kung'aa ikiwa na mzigo mkubwa. Ikifanya hivyo injini ikiwa haina mzigo, kuna hitilafu. Katika injini ya petroli, plagi zikitoa cheche kwa kuchelewa, mafuta huwa bado yanaungua vali inapofunguka. Plagi isiyowasha hupitisha mafuta mabichi, ambayo huweza kuungua ndani ya ekzosi. Bomba la moshi lililoziba pia hurudisha joto nyuma.

Katika injini ya dizeli, upungufu wa hewa hupandisha joto la moshi. Kichujio cha hewa kilichojaa vumbi la barabara za machimbo huleta hali hiyo. Aidha, ukanda huu uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani.

Hatari na kinga

Manifoldi isiyong'aa si lazima iwe salama. Mvuke wa dizeli unaweza kuwaka bila cheche kwenye takriban 250 °C. Matone yanayoangukia chuma kilicho wazi kwa kawaida huhitaji joto zaidi, lakini moto unaweza kuanza kabla chuma hakijang'aa. Majani makavu chini ya gari lililoegeshwa wakati wa kiangazi pia yanaweza kuwaka.

Hatari ni kubwa zaidi chini ya ardhi, kama katika mgodi wa Bulyanhulu mkoani Shinyanga, ulioanza uzalishaji mwaka 2001. Moto wa mtambo mmoja unaweza kujaza njia za mgodi moshi na monoksidi ya kaboni. Ndiyo maana mitambo ya chini ya ardhi mara nyingi hufunikwa manifoldi kwa vizuia joto au hupozwa kwa maji, na hufungwa vifaa vya kuzimia moto.

Mipira ya mafuta inayovuja irekebishwe mapema na ipitishwe mbali na ekzosi. Manifoldi yenye moto isimwagiwe maji, kwani chuma cha kusubu kikipozwa ghafla hupasuka. Mzigo upunguzwe, na injini iachwe ipoe taratibu.