Redio na Msikilizaji Asiyehesabiwa

Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Methali hiyo yafaa kukumbukwa kila mara vituo vya redio vinapojigamba kwa wingi wa wasikilizaji. Kabla ya kuuliza ni kituo gani kimepata wengi, hapana budi kuuliza ni nani waliohesabiwa, na kwa faida ya nani.

Historia ya Msumbiji yatoa jibu lililo wazi. Mwaka 1933 walowezi wa Kireno walianza kutangaza mjini Lourenço Marques, ambao leo ni Maputo. Kituo chao kilikuja kuitwa Rádio Clube de Moçambique. Mwaka 1936 kikaongeza matangazo ya Kiingereza, na idhaa hiyo ikajulikana kama LM Radio. Wateja wake hasa walikuwa Wazungu wa Afrika Kusini, ng'ambo ya mpaka. Mwaka 1950 shirika la utangazaji la serikali ya makaburu, SABC, lilianzisha Springbok Radio, nayo ikachuma kwa matangazo ya biashara. LM Radio ikawa imepata mshindani. Katika miaka iliyofuata iliwaelekea zaidi vijana, ikawapigia nyimbo zilizovuma ambazo SABC ilizikunjia uso. Kwa mizani ya biashara, mageuzi hayo yalifaulu. Lakini mchukuzi wa bandari ya Lourenço Marques, aliyeishi chini ya mnara wa redio hiyo, hakuwamo katika hesabu. Hakuwa na cha kununua, kwa hiyo hakuwa msikilizaji.

Ikiwa mchukuzi wa mjini hakuhesabiwa, mvuvi wa Rongui angehesabiwa na nani? Kisiwa hicho cha mwambao wa kaskazini wa Cabo Delgado kiko zaidi ya kilomita 1,800 kutoka Maputo, lakini hakifiki kilomita 500 kutoka Dar es Salaam. Kimwani, lugha ya pwani hiyo, ni ndugu wa Kiswahili. Basi si ajabu kwamba masikio ya watu wa huko yalielekea kaskazini.

Tarehe 25 Juni, 1962, FRELIMO iliundwa Dar es Salaam, na Tanzania ikaipa nafasi ya kutangaza katika redio yake. Sauti ya FRELIMO haikuuza sabuni wala sigara. Ilieleza kwa nini watu wanapigana. Wareno nao hawakulala: waliongeza vipindi vya lugha za Kiafrika, ili kuwarudisha wasikilizaji wale wale ambao zamani hawakuwa na thamani kwao. Huo ulikuwa ushindani mkali kuliko wowote wa kibiashara, na hakuna aliyeweza kuhesabu mshindi. Aliyejulikana kuwa anasikiliza Dar es Salaam alikabiliwa na PIDE, polisi wa siri wa Kireno. Sauti ilipunguzwa, mlango ukafungwa, habari ikapokewa kwa mnong'ono.

Tarehe 7 Septemba, 1974, siku ya kutiwa sahihi Mkataba wa Lusaka, walowezi wenye hasira waliiteka Rádio Clube. Waliishikilia hadi tarehe 10. Walijua kuwa mwenye redio ana nusu ya dola. Uhuru ulipatikana tarehe 25 Juni, 1975. Mwezi Oktoba mwaka huo kituo kikataifishwa na kuwa Rádio Moçambique, na LM Radio ikanyamaza.

Hata hivyo, redio ya umma nayo yaweza kumsahau msikilizaji, ikidhani kuwa kumhutubia ni sawa na kumsikiliza. Tanzania ilipofungua milango kwa sheria ya utangazaji ya mwaka 1993, na Radio One ikaingia hewani mwaka 1994, vijana wengi wa Dar es Salaam waliuhamia mtindo mpya. Walikuwa na njaa ya kusikia maisha yao wenyewe. Lakini vituo vya biashara navyo vikarudi kwenye mizani ile ile ya zamani: msikilizaji wa mjini, mwenye fedha, ndiye anayewavuta watoa matangazo.

Gharama ya kosa hilo hujulikana siku ya shida. Vita vilipozuka Cabo Delgado mwezi Oktoba, 2017, watu wa pwani walihitaji kujua njia ipi ni salama na mji upi umeshambuliwa. Tarehe 7 Aprili, 2020, mtangazaji wa redio ya jamii ya Palma alitoweka. Palma yenyewe iliposhambuliwa tarehe 24 Machi, 2021, mawasiliano ya simu yalikatika, na maelfu walikimbia, wengi kwa vyombo vya baharini. Pasipo na redio inayoaminika, uvumi hushika usukani.

Kituo chenye kujua wajibu wake kitahesabu wasikilizaji wake, na si vibaya. Bali kitaanza hesabu hiyo kwa yule ambaye habari moja ya kweli, katika lugha anayoifahamu, yaweza kumwokoa yeye na watoto wake.