Msumeno wa Mkanda Ulioponea Chupuchupu

Nimekuwa kimya kwa muda, na safari hii siwezi kusingizia kompyuta. Nilikuwa nyumbani Magunga, upande wa vilima vya Gwassi, nikipigana na kutu. Vita yenyewe ni ya zamani kidogo, ila sasa ndiyo nimeimaliza.

Baba yangu mkubwa ni fundi wa mitumbwi. Nyuma ya karakana yake ulikuwepo msumeno wa mkanda ambao kuku walikuwa wameufanya makao. Kutu iliula hadi kibati cha mtengenezaji hakisomeki. Mwishoni mwa 2021 alikubali kuuuza kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Januari 2022 minara ya umeme ikaanguka, nchi ikaingia gizani, na siku chache baadaye serikali ikapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu ili kuwabana waharibifu. Mnunuzi hakuja. Marufuku ilipoondolewa mwezi Mei, mimi nilikuwa nimeshaufungua nusu, boliti zimejaa kwenye makopo ya rangi.

Turudi nyuma kidogo. Mwingereza William Newberry alipata hataza ya msumeno wa aina hii mwaka 1808. Wazo lilikuwa sahihi kabisa: ukanda wa chuma wenye meno, ncha zimeunganishwa, unazunguka juu ya magurudumu mawili. Tatizo lilikuwa kile kiungo. Ukanda ulikatika, ukaungwa, ukakatika tena. Mpaka mwaka 1846 ndipo Mfaransa Anne Pauline Crépin alipopata hataza ya namna bora ya kuziunga ncha hizo, na kampuni ya Périn ya Paris ikanunua haki ya kuitumia. Sisi waandika programu tunaujua ugonjwa huu: programu nzuri inamsubiri mtu mwingine aandike kipande kimoja kidogo.

Fundi wa mitumbwi anautakia nini? Mataruma! Yote yamepinda. Msumeno wa duara hutaka mstari ulionyooka, huu hufuata alama ya penseli popote iendapo.

Kutu niliitoa kwa umeme. Beseni kubwa la plastiki, maji, magadi, na chaja ya betri ya volti 12. Waya hasi unafungwa kwenye kifaa chenye kutu, waya chanya kwenye kipande cha nondo, na viwili hivyo visigusane. Ukikosea waya, utakula kifaa chako mwenyewe. Usitumie chuma kisichoshika kutu badala ya nondo, maana kromiamu yake huweza kugeuka sumu ndani ya maji. Na fanyia nje, bila sigara, kwa sababu mapovu yale ni haidrojeni. Baada ya usiku mmoja kutu ngumu inageuka tope jeusi la kusugua kwa brashi. Chuma kilichokwisha kuliwa hakirudi, lakini.

Beringi ndizo zilizonipa raha. Moja ilikuwa bado inaonyesha namba: 6205. Namba hiyo ina maana ileile dunia nzima: tundu milimita 25, kipenyo cha nje 52, unene 15. Nikaingia duka la vipuri mjini Homa Bay, nikataja namba, nikatoka na beringi mpya ya mashine ambayo hata jina lake silijui. Laiti maktaba za programu zingekuwa hivyo!

Gurudumu la chini lilibaki na vishimo. Nilitaka tulijaze tulichonge upya.

"Mzee, tungoje wiki mbili," nikamwambia.

"Kijana wangu, mpira utafunika. Mwenye mtumbwi anangoja."

Tukavalisha mpira, tukakaza ukanda mpya, tukawasha. Ulitetemeka kidogo. Alipitisha taruma la kwanza polepole, akalipima juu ya lile la zamani lililooza, kisha akanyoosha mkono kuomba la pili.