Kumkumbuka Mwalimu Sikujua

Kaskazini ya mji wa Dar es Salaam, katika Wilaya ya Kinondoni, kiko kilima kiitwacho Wazo. Watu wengi wakijua kwa sababu ya kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1966. Jiwe lichimbwalo pale ni jiwe la chokaa lililotokana na matumbawe. Maana yake ni kwamba kilima hicho, zamani za kale kabla ya mwanadamu, kilikuwa mwamba chini ya bahari. Basi mtu ajengaye nyumba leo Tegeta au Boko hujenga kwa mabaki ya viumbe asivyopata kuviona. Lugha nayo ndivyo ilivyo. Asemaye Kiswahili leo hutumia maneno yaliyofinyangwa katika vinywa vya watu waliokwisha kufa, na aghalabu hata majina yao hayajui. Lakini pana tofauti moja kubwa. Jiwe humngoja mchimbaji wake miaka elfu na elfu, ila neno halimngoji mtu. Likikosa wa kulipokea hufa pamoja na msemaji wake.

Ndiyo sababu historia ya lugha yetu ina deni kubwa kwa watu wa namna ya pekee, nao ni wakusanyaji. Yuko akusanyaye makombe ya pwani, yuko akusanyaye sarafu, na yuko akusanyaye stempu za barua. Walio kando huwacheka, wakidhani kuwa ni mchezo wa watu wasio na kazi. Walakini shughuli hiyo ina siri yake: hakuna mkusanyaji awezaye kuridhika peke yake. Akipata kitu adimu, yampasa ampate na mtu atakayejua kwamba ni adimu. Kwa hiyo wakusanyaji hutafutana, na wakionana urafiki wao huwa wa aina isiyojali sana kabila, dini wala cheo. Mfano mkubwa wa urafiki huo katika historia ya Kiswahili ni ule wa watu wawili waliokutana Mombasa katika miaka ya 1880, na kitu walichokikusanya kilikuwa maneno.

Mmoja alikuwa Mwingereza, William Ernest Taylor, aliyezaliwa mwaka 1856. Alifika Afrika ya Mashariki mwaka 1880 akiwa mmisionari wa Church Missionary Society. Wa pili alikuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Nisba yake yaelekeza Pate, kisiwa kilichokuwa shina la tungo nyingi za kale. Lakini maisha ya elimu yake yaliyoacha alama ni ya Mombasa. Alikuwa Mwislamu, mwenye maandishi mazuri ya hati za Kiarabu, mjuzi wa mashairi na mtunzi mwenyewe. Jina lake ni ajabu njema kwa mtu wa namna hiyo. Aliitwa Sikujua, na bila yeye watu wa leo wasingalijua mengi.

Wakati walipokutana haukuwa wakati wa amani baina ya watu wa pande zao mbili. Tangu mwaka 1875 wamisionari walikuwa na makazi yao Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, yaliyowekwa kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Watumwa wengine waliotoroka kwa mabwana wao walikimbilia huko na Rabai, na jambo hilo liliwakasirisha wenyeji wenye mashamba. Mwaka 1880, mwaka ule ule aliofika Taylor, hasira hiyo ilipanda hata pakawa na tishio la kushambuliwa makazi ya misioni. Mgogoro wa watoro ulirudi tena mwaka 1888, Kampuni ya Kiingereza ilipoanza kushika pwani, nao haukutulia mpaka fedha zilipolipwa kwa wenye watumwa, mapema mwaka 1889. Katika hali kama hiyo, mwalimu wa Kiislamu kukaa kitako na padre na kumfunulia hazina ya mji wake halikuwa jambo jepesi, wala padre kukiri kwamba anahitaji kufundishwa halikuwa jambo la kila padre.

Hazina yenyewe ilikuwa nini? Ilikuwa tungo za Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, aliyezaliwa mwaka 1776 na kufa mwaka 1840. Muyaka aliishi Mombasa katika siku za Mazrui, waliotawala mji huo na kushindana na Seyyid Said mpaka nguvu zao zilipovunjwa mwaka 1837. Shairi kwake lilikuwa silaha, na pia barua, mzaha na kilio. Alitunga juu ya vita, njaa, safari, mapenzi, wivu na fahari ya mji wake. Alijibizana na washairi wa miji mingine, naye Ali Koti wa Pate alikuwa rafiki yake katika ushairi. Kabla ya Muyaka, sehemu kubwa ya tungo ndefu zilizohifadhiwa kwa maandishi zilikuwa za dini. Katika mikono yake, shairi la mishororo minne, mshororo wa mizani kumi na sita iliyogawanyika nane kwa nane, likawa chombo cha kusemea mambo ya dunia hii.

Lakini tungo za namna hiyo ndizo zinazopotea upesi. Utenzi wa dini hunakiliwa na wacha Mungu kwa kutafuta thawabu. Shairi la kumkejeli mtu wa mtaani, au la kumjibu mshairi wa mji mwingine, nani atalinakili? Huishi katika vichwa vya waliokuwapo. Na hapa hesabu yenyewe yatisha. Muyaka alipokufa mwaka 1840, kijana wa miaka ishirini aliyemsikia kwa masikio yake angalikuwa na miaka sitini na zaidi katika miaka ya 1880. Lau wakusanyaji wetu wangalichelewa miaka ishirini tu, wasingalimkuta hata mmoja. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na mali hii ilikuwa ukingoni.

Kazi yao waliigawana kwa kadiri ya vipawa vyao. Mwalimu Sikujua aliyatafuta mashairi kwa wazee, akayaandika kwa hati za Kiarabu, akaeleza maana ya maneno na sababu za kutungwa kwake. Hili la mwisho ni kubwa kuliko linavyoonekana. Shairi la majibizano bila sababu yake ni kama jibu ambalo swali lake limesahauliwa: maneno yapo, maana haipo. Msomaji wa leo akiona ubeti wa Muyaka unaomchoma mtu asiyetajwa jina, maelezo ya Mwalimu Sikujua ndiyo yanayomwambia nani alichomwa na kwa nini.

Taylor naye alileta sikio. Hati za Kiarabu, kama zilivyotumiwa zamani kwa Kiswahili, hazikutenga sauti zote. Alama moja ilisimama mahali pa *i* na *e*, na nyingine mahali pa *u* na *o*, hata neno *kuku* na neno *koko* huweza kuandikwa sawa. Kwa aliyezaliwa ndani ya lugha hapana taabu, kwani hulisoma shairi alilokwisha kulijua. Lakini kwa vizazi visivyolijua ni fumbo. Taylor aliyaandika mashairi upya kwa hati za Kirumi, akaweka alama za kutenga sauti za Kimvita ambazo wageni wengine hawakuzisikia kabisa. Mtu wa Mombasa hutenga *kaa* la moto na *kaa* wa pwani kwa pumzi itokayo baada ya *k*. Kadhalika *paa* la nyumba na *paa* wa mwituni. Hakuna mgeni ajifunzaye tofauti kama hizo kwa kusoma kitabu. Hujifunza kwa kumsikiliza mwenyeji anayekubali kurudia neno mara mia bila kuchoka. Kila alama aliyoitia Taylor katika karatasi zile, basi, ni ushahidi wa saa walizokaa pamoja, mmoja akisema na mwenzake akisikiliza.

Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890. Mwaka uliofuata, 1891, Taylor alitoa London kitabu chake cha methali, *African Aphorisms. Or, Saws from Swahili-land*, chenye mamia ya misemo ya Waswahili pamoja na maelezo. Kilikuwa tunda la miaka ile ile ya kukusanya maneno Mombasa, na lilipoiva Mwalimu hakuwapo tena. Ama mashairi ya Muyaka, hayo hayakuchapwa wakati huo. Taylor aliyahifadhi. Mwaka 1915, katika kitabu cha Stigand juu ya lahaja za Kiswahili, alitoa *Inkishafi* pamoja na tafsiri yake ya kishairi. Lakini diwani ya Muyaka ilibaki katika karatasi mpaka Taylor naye alipokufa mwaka 1927. Karatasi zake zikaingia katika maktaba ya chuo cha London kinachofundisha lugha za Mashariki na Afrika.

Kutoka hapo William Hichens aliyafanyia kazi mashairi hayo, nayo yakatokea mwaka 1940 kwa jina la *Diwani ya Muyaka bin Haji al-Ghassaniy*, yakichapwa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Ilikuwa miaka mia kamili tangu kufa kwa Muyaka, na hamsini tangu kufa kwa Mwalimu Sikujua. Baadaye, mwaka 1979, Mohamed H. Abdulaziz alitoa Nairobi kitabu chake juu ya Muyaka na ushairi wa watu wa karne ya 19, akiyarudisha mashairi hayo kwa wasomaji wa Afrika ya Mashariki pamoja na historia yake. Hivyo maneno yaliyotoka katika vinywa vya wazee wa Mombasa yalizunguka London na Johannesburg kabla ya kurejea nyumbani.

Safari hiyo ndefu yatoa swali lisiloweza kukwepwa. Je, ule ulikuwa urafiki wa kweli, au ilikuwa kazi ya mwenye nguvu na msaidizi wake? Mwenye kuhukumu kwa haki yampasa akiri mambo mawili. La kwanza, vipimo vyao havikuwa sawa. Taylor alikuwa na misioni nyuma yake, na mitambo ya kupiga chapa London, na karatasi zilimfuata yeye. Jina lake likakaa juu ya vitabu. Jina la Mwalimu likakaa ndani, katika dibaji na maelezo ya wataalamu. Nia zao pia zilikuwa mbalimbali. Taylor alitaka Kiswahili bora ili ahubiri kwacho, naye alitunga mashairi ya Kikristo kwa kufuata kanuni za ushairi wa pwani. Mwalimu Sikujua aliilinda hazina ya mji wake na hakuiacha dini yake.

La pili, tofauti hizo zote hazielezi kazi yenyewe. Kwa mahubiri, padre hahitaji mashairi ya majibizano na mapenzi ya mtu aliyekufa miaka arobaini kabla. Wala msaidizi wa mshahara hana haja ya kusaka sababu ya kila ubeti. Waliyoyafanya yalizidi mno mahitaji ya kazi ya kila mmoja wao. Ziada hiyo ndiyo alama ya mapenzi ya mkusanyaji, na watu wawili wakishiriki ziada ya namna moja, hapana jina jingine lifaalo ila urafiki. Urafiki huo hauondoi dhuluma za wakati wake. Lakini dhuluma hizo nazo hazikuweza kuuzuia.

Faida yake imeenea mpaka Dar es Salaam. Mwaka 1928 ilipokatwa shauri kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita kilibaki nje ya shule, na pengine kingalidhaniwa kuwa Kiswahili cha makosa. Tungo za Muyaka ndizo zilizosimama kama hoja isiyojibika kwamba lahaja hiyo ilikuwa na fasihi kamili kabla ya kuwako kwa shule hizo. Kadhalika, chuo cha uchunguzi wa Kiswahili kilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1964, kazi ya kutafuta miswada kwa wenye nyumba za pwani ilifanywa kwa njia ile ile: J. W. T. Allen na wenzake walizunguka, wakaketi na wazee, wakasoma na kuuliza. Orodha ya miswada na kanda zilizowekwa katika maktaba ya Chuo Kikuu ilichapwa Leiden mwaka 1970. Hakuna hata mmoja wa miswada hiyo uliopatikana bila mtu mmoja kumwamini mwenzake.

Kila mwaka wanafunzi hushuka kutoka Wazo, Tegeta na Bunju kwenda Mlimani kusoma ushairi wa Kiswahili. Wengi wao wana babu na bibi nyumbani wenye nyimbo za ngoma, majina ya samaki, visa vya mitaa na mashairi ya harusi ambayo hayajaandikwa popote. Mwanafunzi atakayemkumbuka Mwalimu Sikujua kama ipasavyo ni yule atakayekaa chini jioni moja na mzee wake, kalamu mkononi, akaandika wimbo, kisha akauliza sababu yake.