Wewa: neno la Kinshasa lenye maana ya "wewe"

Msikilizaji wetu mmoja, kijana aliyekimbia kutoka Masisi na sasa anaendesha moto hapa Goma, aliniuliza swali. Ndugu yake aliye Kinshasa anafanya kazi kama yake, lakini kule hawamwiti motari, wanamwita "wewa". Je, ni kabila? Ni tusi?

Wewa ni neno la Tshiluba, lugha ya Kasai, na maana yake ni "wewe". Basi. Sisi wa Kiswahili hatuhitaji hata mtafsiri.

Neno lilifika mji mkuu pamoja na watu. Kule Mbuji-Mayi almasi ndiyo iliyolisha mji, na mwishoni mwa 2008 kampuni MIBA ilisimamisha uchimbaji. Vijana wengi wa Kasai walikuwa tayari wamezoea pikipiki, kwani njia za kwao gari linazama. Walishuka Kinshasa wakaanza kubeba watu kwenye avenyu za matope ambako taksi zilikataa kuingia. Kati yao waliitana kwa lugha ya nyumbani: wewa, ngoja, wewa, pisha. Wakaaji wenye Lingala walisikia neno hilo kila kona, wakalifanya jina lao.

Mwanzoni lilibeba dharau. Wewa alikuwa mtu wa kijijini, asiyejua mji, anayekimbiza moto ovyo (na tusidanganyane, ajali zilikuwepo na zipo bado). Halafu vita vya Kamuina Nsapu, 2016 na 2017, vikawatoa makwao watu karibu milioni 1,4 huko Kasai. Aliyepoteza nyumba akakuta Kinshasa jina linamngojea.

Ila pikipiki haiulizi kabila. Vijana wa Kongo ya Kati na wa Bandundu nao walipanda, na leo hata asiyejua neno jingine la Tshiluba anaitwa wewa.

Lubumbashi wao wanasema "manseba". Hilo pia ni la Tshiluba: mjomba, kaka wa mama. Ni jina la heshima, lakini kwangu mimi linauma kidogo. Mwaka wa 1992 na 1993 Wakasai walifukuzwa Katanga kwa maelfu. Familia zililala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi zikingoja treni. Leo katika eneo lile lile, abiria anasimama kando ya barabara na kumwita mtoto wa Kasai mjomba.

Nilipomaliza kumwelezea, kijana wa Masisi alicheka. Nikamwuliza wenzake wanamwitaje pale parkingi, motari?

"Hapana. Wananiita Deplase."

Wakati huohuo sauti ikatoka upande wa pili wa barabara: "Deplase, kuja ubebe mutu!" Akawasha moto, akaenda.